Miti ya Vipepeo Siku za Eda

Alhamisi, 17 Aprili

Daftari hili ameniletea binti yangu Ruweida, pamoja na kalamu mbili, ili nipunguze kumpigia simu kila nusu saa. Alisema, "Mama, ulisomesha watoto wa watu insha miaka thelathini. Sasa andika zako." Haya, naandika.

Leo zimetimia siku kumi na moja tangu mume wangu Saif afariki, na siku kumi na moja sijavuka kizingiti cha mlango wangu. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Nimehesabu kwenye kalenda ya jikoni: nitatoka katikati ya Agosti. Anayenijua mimi Nasiha anajua kuwa ni mwanamke wa miguu. Asubuhi Marikiti hata kama sina cha kununua, adhuhuri kwa mgonjwa fulani, jioni kwenye harusi ya yeyote aliyenikumbuka. Sasa nazunguka uani. Zamani ulikuwa na hatua kumi na nne za kwenda. Tangu Saif aweke mapipa yake, zimebaki tisa.

Ijumaa, 18 Aprili

Niandike habari ya mapipa, maana kila nikiyatazama moyo haunitulii.

Saif alikuwa fundi wa saa. Miaka arobaini aliinama juu ya saa za watu, kioo kimebanwa jichoni. Mwaka jana mikono ikaanza kutetemeka, akafunga duka, akatafuta jambo la kumshughulisha. Akalipata: vipepeo. Alivuka ng'ambo hadi Kisauni, kwa bwana mmoja aitwaye Charo mwenye kitalu cha miche kando ya barabara, akarudi na miche mitatu ya kile Charo anachokiita mti wa vipepeo. Alinieleza kuwa unatoa maua meupe, marefu, yenye harufu ya asali, na vipepeo huifuata harufu hiyo kutoka mbali. Akakata mapipa ya buluu nusu, akayatoboa matako, akayajaza udongo na kuyapanga pale pale ninapoanika nguo.

Nilikasirika. Miezi ikapita, hasira haikuisha, na siku moja nikamwambia mbele ya dadake, "Saif, huu ni Mji wa Kale. Hapa pana paka na kunguru. Hao vipepeo watatoka wapi? Mtu mzima na ndevu zake anacheza na majani!" Dadake, Mwanabaraka, alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikacheka zaidi kwa kuwa nimepata wa kunichekea.

Saif hakucheka. Alinawa udongo mikononi, akaniambia taratibu, "Siku atakapotua wa kwanza, utanijia mwenyewe uniambie: Saif, ulisema kweli." Nikamjibu angoje sana.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili alikwenda kusali alasiri, akaanguka kwenye baraza ya msikiti, hakuamka tena.

Basi hilo ndilo deni langu na marehemu. Wengine waume zao huwaachia maneno mazuri ya kukumbuka.

Jumapili, 20 Aprili

Joto. Bomba halijatoa maji siku ya nne. Miti ya Saif imelegea, nimeimwagilia maji ya kisima.

Alhamisi, 24 Aprili

Majani yameungua kingoni, yamekuwa rangi ya chai. Nikatafuta namba ya Charo kwenye simu ya Saif. Ilikuwa ya tatu kutoka juu, baada ya yangu na ya Ruweida.

"Pole sana mama," alisema. "Mzee alikuwa akinipigia kila Ijumaa. Umeimwagia maji gani?"

"Ya kisima."

"Lo! Visima vya huko kisiwani vina chumvi, mama. Utaiua. Kinga maji ya mvua, iko karibu. Na ile miti haipendi kubembelezwa. Nilimwambia mzee aikate iwe mifupi ndipo itoe maua mengi, akakataa. Alisema anaionea huruma."

Nikamuuliza itatoa maua lini. Akasema mwezi wa sita, mvua ikinyesha vizuri.

Mwezi wa sita sawa. Nikitoka eda, Ruweida atanichukua Kizingo kwake. Chumba kimeshapakwa rangi, na nyumba hii itafungwa. Nataka kipepeo kabla ya hapo. Mmoja tu, nilipe neno langu.

Nilipogeuka nikamkuta Mwanabaraka amesimama mlango wa jikoni na bakuli la mchuzi.

"Wazungumza na nani, wifi?"

"Na Charo, mwenye miche."

"Mwanamume?"

"Mwanabaraka, ni habari ya mbolea."

"Hata iwe ya mbolea," alisema, akaweka bakuli chini kwa kishindo.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua! Nimekinga ndoo sita, sufuria mbili na beseni la kufulia. Nimerowa mpaka mifupani na nimefurahi, kisha nikaona haya kwa kufurahi.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Paka wawili wamelala ndani ya pipa la kati kama wamelikodi. Nimewafukuza mara nne.

Ijumaa, 9 Mei

Niseme juu ya Mwanabaraka, maana ndiye mtu ninayemwona kuliko wote.

Anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu, ghorofani, peke yake. Kila siku baada ya adhuhuri anakuja na chakula na anakuja na sheria. Wiki ya kwanza aliondoa sabuni yangu ya sandali akaniletea ya mche. Wiki ya pili akachukua chupa ya marashi iliyokuwa kabatini, ambayo hata sikuifungua. Nikichungulia dirishani nione tu kama dunia ipo, nasikia, "Wifi, rudi ndani." Najua anafanya kwa kheri. Lakini kuna siku natamani angefanya kheri hiyo kwa mtu mwingine. Hata mwanangu sikumchunga hivi.

Hata hivyo anapika vizuri. Hilo lazima niliandike.

Ijumaa, 16 Mei

Hitima ya arobaini. Nyumba ilijaa, kisha ikawa tupu kwa ghafla. Miti imefika kifuani kwangu.

Jumanne, 20 Mei

Mvua, mvua, mvua. Nimetembea uani mara mia mbili na kumi. Nimehesabu.

Jumatatu, 2 Juni

Kuna kitu kwenye ncha za matawi. Kama mkia wa panya, wa kijani. Charo anasema ndiyo maua yenyewe. Nimempigia nikiwa chooni ili Mwanabaraka asisikie. Katika umri wangu huu.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Nimesikia takbira nikiwa nimekaa ngazini. Ruweida alikuja na watoto, wakaniachia harufu ya nguo mpya. Mwaka jana saa hizi nilikuwa nimeshaingia nyumba saba.

Jumamosi, 14 Juni

Yamefunguka. Vishada vyeupe, vingine vyafika urefu wa kiganja, vimeinama kwa uzito. Na harufu! Inapanda ngazi, inaingia vyumbani, inakaa kwenye mapazia. Saif alisema asali; mimi naona ni asali na kitu kingine, labda iliki. Nimekaa chini ya miti tangu asubuhi. Nyuki wawili, nzi mmoja mkubwa. Kipepeo hakuna.

Jumatatu, 16 Juni

Nyuki watano. Kipepeo hakuna. Mwanabaraka amenusa hewa, hakusema kitu. Kwake yeye kutosema si kawaida.

Jumatano, 18 Juni

Leo lazima niandike.

Baada ya adhuhuri nililala kidogo juu, kwa kuwa usiku nilikuwa sikupata usingizi. Mwanabaraka alikuwa jikoni akiosha vyombo. Nilipoteremka, jambo la kwanza nililoona ni mwanga. Uani kulikuwa na mwanga mwingi mno. Miti yote mitatu imekatwa mpaka magotini. Hakuna jani, hakuna ua, ni vijiti tu. Mwanabaraka ameinama ana kisu cha jikoni mkononi, na kikapu chake kimejaa matawi.

"Wifi," nikasema, "umefanya nini?"

Hakunitazama. "Nimekuepusha na maneno ya watu. Nyumba yanuka toka mlangoni. Jana Bi Fadhiya wa hapo mkabala aniuliza, mjane wenu yuwajitia manukato? Aniuliza miye, njiani, mbele ya watu! Na weye nguo zako zanuka, nywele zako zanuka. Wataka eda yako iharibike?"

"Ni maua, Mwanabaraka! Mimi sikujipaka kitu!"

"Harufu ni harufu. Apitaye nje hajui imetoka wapi."

"Miti hii ni ya Saif."

"Na miye ni dadake Saif. Sitaki mke wake asemwe."

"Ungeniuliza!"

"Ningekuuliza ungekataa."

Hapo nikasema nilichosema. Nilimwambia: atoke nyumbani mwangu, asirudi, na kama anataka mjane wa kumchunga akajichunge mwenyewe, kwa kuwa miaka yote hii hakuna aliyemtaka. Maneno yalinitoka mdomoni kama yalikuwa yamejipanga foleni.

Alisimama. Akakifunika kikapu kwa leso yake, akatoka nacho. Hakufunga mlango. Nilibaki nautazama ule mlango wazi, njia iko pale, hatua mbili tu, na siwezi kwenda popote.

Alhamisi, 19 Juni

Nimempigia Ustadha Swafia, aliyetusomesha dini sisi wanawake wa mtaa huu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bi Nasiha, alilokatazwa mjane ni kujipamba na kujitia manukato. Mti ukitoa maua uani hilo si kosa lako wala la mti." Nikamwomba ayaseme tena nirekodi. Akasema. Nikamtumia Mwanabaraka sauti ile bila salamu. Zile alama mbili zikawa buluu. Hakujibu.

Nilidhani nitaona raha.

Jumamosi, 21 Juni

Hakuja.

Jumatatu, 23 Juni

Hakuja. Nimekula mkate na chai.

Jumatano, 25 Juni

Hakuja. Nimenyamaziwa na watu wengi maishani mwangu, lakini sikujua nyumba inaweza kunyamaza hivi. Nimezunguka uani mpaka kisigino kimepasuka. Kila nikifika kwenye mapipa nageuka nisitazame vile vijiti.

Jumanne, 1 Julai

Vijiti vinachipua! Kila palipokatwa pametoka vichipukizi viwili, pengine vitatu. Nimempigia Charo, sauti nje nje, uani kabisa. Akacheka. "Huyo dada amekufanyia kazi niliyomwomba mzee. Utapata maua mara tatu ya yale."

"Lini?"

"Mwezi wa nane, mama. Mwishoni hivi."

Mwishoni mwa Agosti mimi nitakuwa Kizingo, kwenye chumba chenye rangi mpya. Kwa hiyo Mwanabaraka hakuua miti. Ameua siku zangu tu.

Alhamisi, 10 Julai

Baridi ya kusi. Leo nilifungua kabati la mwisho ambalo Mwanabaraka hakulifikia, nikaona kichupa cha marashi ya zamani, kimekauka. Nikakinusa. Na hapo likanijia jambo ambalo nilikuwa nimelisahau, au nilikuwa nimelificha.

Mwanabaraka alifiwa na mumewe akiwa na miaka ishirini na saba. Mimi nilikuwa nimeolewa na kakake miaka miwili nyuma, bi arusi bado, ninayetaka kupendwa na wanawake wa mtaa. Akiwa edani alimtayarisha mwanawe kwenda Maulidi, akamrashia marashi kanzuni, marashi yakamshika yeye mkononi. Jirani aliyekuja kumtazama akanusa. Kufika magharibi, mtaa mzima ulikuwa unasema mjane wa juzi ameshaanza kujitia marashi, anamtafuta nani? Mtu mmoja mwema aliyekuwa anangojea amalize eda apeleke posa akanyamaza, hakuipeleka. Na hakuna mwingine aliyekuja. Yule mtoto sasa yuko Muscat na wake zake na shughuli zake. Mwanabaraka yuko mlango wa tatu, ghorofani, peke yake.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Nililolisahau ni jikoni kwa mama mkwe, wanawake wanne tunamenya vitunguu, mmoja anaeleza habari ya marashi, na mimi nikicheka. Nilicheka na nikaongeza neno. Nakumbuka neno lenyewe, sitaliandika.

Kumbe alipokuwa akiondoa sabuni, akiondoa chupa, akinitoa dirishani, hakuwa ananichunga mimi. Alikuwa anamchunga yule msichana wa miaka ishirini na saba ambaye hakuna aliyemsitiri. Na mimi nikamwambia hakuna aliyemtaka.

Nimeona haya mpaka nimeketi chini, juu ya sakafu ya ua, kando ya mapipa.

Ijumaa, 11 Julai

Nimempigia mara sita. Hakushika. Ni milango mitatu! Hata mtoto anayejifunza kutembea angefika. Nikamwandikia: "Wifi, nimekumbuka habari ya marashi ya Maulidi. Na mimi nilicheka siku ile. Nisamehe kwa hilo na kwa niliyokwambia." Alama mbili. Buluu. Basi.

Jumamosi, 12 Julai

Adhuhuri nilisikia pete ya mlango ikigongwa mara moja. Nilipofungua hakuna mtu. Bakuli la wali wa nazi na samaki wa kupaka, limefunikwa kwa leso ninayoijua. Nililia huku nakula. Chumvi ilikuwa sawa.

Jumapili, 20 Julai

Bakuli kila siku. Mwenyewe haonekani. Nikiharakisha mlangoni nakuta kona ya buibui tu ikipotea.

Ijumaa, 1 Agosti

Miti imenipita kimo. Haina hata ua moja. Nimeanza kuzungumza nayo kama mwendawazimu: "Fanyeni haraka, jamani, nina siku kumi na moja." Jua linafika uani saa mbili tu kwa siku, kisha ukuta wa jirani unalifunika. Saif hakulifikiria hilo. Fundi wa saa, na hakuhesabu saa za jua!

Jumamosi, 9 Agosti

Mikia ya panya imetokea, midogo, imefumba. Ruweida alikuja kupima madirisha ya kule apate kushona mapazia. Aliniuliza napenda rangi gani. Nikamwambia yoyote.

Jumanne, 12 Agosti

Leo jua likizama nimemaliza. Maua hayajafunguka. Hakuna kipepeo aliyekuja. Nimesimama mbele ya mapipa nikajaribu kumwambia Saif lile neno hivyo hivyo, bure, bila kipepeo. Halikutoka. Ingekuwa uongo, na yeye uongo alikuwa akiujua hata ukiwa mbali.

Jumatano, 13 Agosti

Tangu alfajiri wanawake walijaa. Wameniogesha, wamenivika dera jipya la kijani, wamenifukiza udi mpaka nikakohoa. Bi Fadhiya wa mkabala alikuja na halua, akanipaka mafuta mazuri mikononi akisema, "Sasa nukia, mwanangu, halali yako." Nikamtazama, nikaila halua yake. Ruweida alikuwa ameshafunga masanduku mawili, gari iko barabarani.

Mwanabaraka alikuwa hayupo.

Tulipokuwa tunakunywa kahawa, akaingia. Amekonda. Mbele ya wanawake wote akaja mpaka nilipokaa, kwapani ana kopo la maziwa ya unga, lile kubwa. Ndani ya kopo mna udongo, na kwenye udongo umesimama mti wa vipepeo wa kimo cha mkono, una vishada viwili vyeupe vimefunguka kabisa.

Sikuelewa. "Umeutoa kwa Charo?"

"Kwa Charo gani? Ni huo huo," alisema. "Yale matawi n'liyokata. Nalifika nayo jaani, mkono ukakataa kuyatupa. Ni kitu nduyangu alikipanda kwa mkono wake. Nikayachomeka kwenye makopo juu ya dari, kule paani, nikasema yakifa yafe yenyewe. Hayakufa. Ninayo makopo kumi na tisa."

Bi Fadhiya alishika kikombe bila kunywa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nalikuwa nikiona haya. Nalikata nikidhani nakusitiri, kisha Ustadha akasema vile. Na weye ukaniandikia yale." Akajipangusa macho kwa ncha ya leso. "Wifi, huku kwako hakuna jua. Juu kwangu liko kutwa. Tangu juzi wanakuja."

"Nani wanakuja?"

"Kwani weye walikuwa wangojea nani?"

Nilisimama. Ruweida akasema, "Mama, gari inangoja," nikamwambia gari haina miguu ya kuchoka. Nikavaa buibui langu, nikavuka kizingiti kwa mguu wa kulia, na jua la njiani likanipiga usoni nikafumba macho. Miezi minne na siku kumi nilikuwa nimepanga nitakapokwenda siku hii: Marikiti, baharini, kwa rafiki zangu wa Majengo, popote pa mbali. Nilikwenda milango mitatu.

Ngazi za Mwanabaraka ni mbaya, zimesimama kama zinamchukia mtu. Alinishika mkono mpaka juu. Na pale darini, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, yamepangwa makopo kumi na manane, ya maziwa, ya rangi, ya samli, yote yana maua. Alikuwepo mmoja wa manjano, mdogo, hatulii. Na mwingine mweusi mwenye madoa meupe, mkubwa, ametua juu ya kishada, anafungua mbawa na kuzifunga polepole, mdomo wake mwembamba kama unywele umezama ndani ya ua.

Nilichuchumaa. Magoti yalilia, nikayaacha yalie. Sauti ilinitoka vizuri kuliko nilivyodhani.

"Saif, ulisema kweli."

Mwanabaraka alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu. Akaniinamia sikioni, kama anayeogopa kumstua yule mdudu.

"Mwambie na miye nalicheka," alisema.

Nikamwambia.